Ukiambiwa asilimia, uliza ya nini

Jirani yangu alinigongea mlango saa mbili usiku, simu mkononi na hasira zimemjaa. Kanunua umeme wa elfu kumi, kaletewa yuniti 23.9, na wiki moja nyuma, zile tarehe za mwisho wa mwezi, elfu kumi hiyohiyo ilimpa yuniti 28. "Jirani hawa watu wanatuibia, angalia mwenyewe." Nikamwambia ngoja kwanza, tusome meseji yote mpaka chini, maana wengi wetu tunaruka moja kwa moja kwenye zile namba 20 za tokeni, tunaingiza kwenye mita, tunafuta.

Hapa Tanzania ukisoma chini utakuta kuna VAT, yani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, kuna REA, wale wa nishati vijijini, asilimia 3, kuna EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Jumla 22. Jirani akanipokonya simu, akafungua kikokotoo, elfu kumi mara asilimia 22, makato 2,200, zinabaki 7,800. Akagawa kwa 292 ambayo ndo bei ya yuniti moja kwa sisi watumiaji wa kawaida, ikaja 26.7. "Umeona? Hata kwa hesabu zao wenyewe haikubali!" Sasa mi nikabaki namwangalia, maana kwa hesabu yake hiyo basi wiki iliyopita walimzidishia yuniti moja na zaidi, ila hilo hakutaka kuliongelea kabisa.

Kosa lake ni dogo na ndo kosa ambalo nimeona watu wengi sana wanalifanya, wakiwemo watu waliosoma uhasibu wa ukweli. Ile asilimia 22 sio ya elfu kumi yako. Ni ya umeme. Yani umeme wenyewe una bei yake, juu ya hiyo bei ndo zinapandishwa zile asilimia 22, na vyote kwa pamoja ndo vinatimiza elfu kumi. Kwaiyo hutoi 22, unagawa kwa 1.22. Elfu kumi gawa kwa 1.22 ni 8,196.72, hiyo ndo hela iliyonunua umeme. Igawe kwa 292 unapata 28.07. Ndo zile 28 zake za wiki iliyopita. Na za safari hii? Mwezi mpya umeingia, manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo 1,500 kwa nyumba ya kawaida, zinabaki 8,500, gawa kwa 1.22, gawa kwa 292, unapata 23.86. Hakuna aliyeibiwa. Akatulia, akaomba maji ya kunywa.

Ila angalia kitu kimoja hapo. Makato ya REA, EWURA na VAT kwenye elfu kumi yalikuwa 1,803 na senti zake. Ukiyapima kwa umeme ni asilimia 22, ukiyapima kwa hela iliyotoka mfukoni ni asilimia 18. Zote mbili ni kweli, hakuna iliyokosewa, ni shilingi zilezile. Aliyetaka kukuonyesha makato ni makubwa atakwambia 22, anayetaka yaonekane madogo atakwambia 18, na wote wawili ukiwapeleka mahakamani watashinda kesi. Ndo maana mi siku hizi mtu akinitajia asilimia sishtuki na ile namba, namuuliza ya nini. Ya kitu gani hasa? Na ikiwa ni ya mkopo naongeza swali la pili, kwa muda gani. Maana namba ya asilimia mara nyingi haidanganyi, kinachofichwa ni ule mzigo ambao imepimwa nao, na anayechagua mzigo ni yule anayeongea.

Na ile 1,500 ya jengo nayo ichekini. Ni shilingi zilezile kwa kila mwenye mita ya nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme wa elfu hamsini kwa mkupuo imemla asilimia 3. Jirani yangu wa elfu kumi imemla 15. Yule mama wa mwisho wa korido ambaye tarehe moja ananunua wa elfu mbili ili usiku tu upite, imemla 75, anabakiwa na mia tano ya umeme, anapata yuniti moja na nusu hata haifiki. Na hapo wapangaji ndo tunalipia jengo la mwenye nyumba, ila hiyo ni makala nyingine nisije nikapandisha presha bure.

Hii ya kugawa badala ya kutoa iko kwenye VAT ya dukani pia. Risiti ya 118,000 ndani yake kuna VAT ya 18,000, mzigo ni laki moja. Sasa kuna mtu anataka kujua bei bila VAT, anachukua 118,000 anatoa asilimia 18, anapata 96,760. Zimepotea 3,240 hewani. Nimewahi kushuhudia fundi aluminiamu akimpa mteja bei ya "bila VAT" kwa staili hiyo, dirisha moja sawa ni elfu tatu, ila kazi ilikuwa madirisha kumi na nne na faida yake yote ya siku ilikuwa kwenye hizo elfu tatu tatu. Hakuibiwa na mtu, alijiibia mwenyewe kwa kikokotoo.

Sasa twende Kenya kidogo maana kuna mfano mtamu kuliko yote. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 kwenda 16. Jiulize, hiyo imepanda kwa asilimia ngapi? Kuna waliosema nane, kwa sababu 16 toa 8 ni 8. Kuna waliosema mia, kwa sababu kodi imekuwa mara mbili. Alafu kuna bei kwenye pampu: petroli Nairobi ilitoka shilingi 182.04 ikaenda 195.53, ambayo ni ongezeko la asilimia 7.4. Nane, mia, saba na pointi nne. Zote sahihi! Tofauti ni kwamba nane ni tofauti ya viwango viwili, wachumi huwa wanaiita pointi za asilimia ili isichanganywe. Mia ni ya kodi yenyewe ilivyokuwa jana ukilinganisha na leo. Na 7.4 ni ya bei nzima unayolipa, ambayo ndani yake mafuta ndo mengi na kodi ni kipande. Chukua lita isiyo na VAT ya shilingi mia, jana ilikuwa 108 leo ni 116, gawa utaona. Mwanasiasa wa upinzani ataibeba mia, serikali itabeba nane, na mtu wa bodaboda hakuna aliyemuuliza, ila yeye ile 7.4 anaijua bila kuhesabu kwa sababu kila siku anaweka mafuta ya shilingi mia tano na siku hiyo hayakufika pale yalipokuwa yanafika.

Hata huku kwetu, Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 kwenda 5.75, nikasikia kijiweni mtu analalamika kwamba benki yake imemgomea kumshushia mkopo "asilimia nne na kitu". Kapiga hesabu yake vizuri kabisa, 0.25 kwenye 6 ni asilimia 4 na ushee, ila akaifanya kana kwamba mkopo wake wa asilimia 17 ulitakiwa uwe 13. Kilichoshuka ni robo ya pointi. Robo. Na yenyewe ni ya hela ambayo mabenki yanakopeshana na Benki Kuu inayasimamia huko juu, kufika kwako ni safari nyingine.

Tukija sokoni. Mtu ana duka la vitenge Kariakoo, ananunua doti kwa elfu 20 anauza elfu 25, atakwambia kwa kujiamini faida yangu ni asilimia 25. Ni kweli, ya mtaji. Sasa mwisho wa mwaka anaandika karatasi anabandika mlangoni, punguzo asilimia 20, akiamini kabaki na asilimia 5 yake. Elfu 25 toa asilimia 20 ni elfu 20. Kamuuzia mteja kwa bei aliyonunulia yeye, kodi ya fremu kajilipia mwenyewe, mshahara wa binti wa dukani kajilipia mwenyewe, na mfuko wa kubebea juu. Kwa sababu 25 ilikuwa ya elfu 20 na 20 ni ya elfu 25, ni elfu tano ileile imepewa majina mawili. Akiweka punguzo la asilimia 25, la kufuta faida yote kama anavyodhani, anauza 18,750, yani anamlipa mteja 1,250 aje achukue kitenge.

Wafanyabiashara wazoefu hili hawalijui kwa kikokotoo, wanalijua kwa mwili. Mzee mmoja wa pale alinicheka nilipomuuliza faida yake ni asilimia ngapi, akaniambia kijana mimi nahesabu "elfu tano kwenye kila doti, na siku niuze doti sita kwanza ndo nimelipa fremu, ya saba ndo yangu." Hiyo hesabu haina asilimia hata moja na ni bora kuliko makaratasi mengi ya mipango ya biashara niliyosoma. Mi hapa ndo naachana na wale wanaosema Waswahili hatujui hesabu. Tunazijua sana, kwa shilingi. Mama ntilie anajua kilo ya mchele inatoa sahani ngapi na kila sahani imebeba shilingi ngapi ya mkaa. Mtu akitaka kumchanganya hamletei shilingi, anamletea asilimia.

Kwenye punguzo za mnunuzi sitakaa sana. Bei ikipanda asilimia 20 alafu ikashuka asilimia 20 haijarudi ilipokuwa, mchele wa 2,500 unaenda 3,000 unarudi 2,400, imeshuka zaidi ya ilivyopanda kwa sababu ya pili imepigwa kwenye namba kubwa. Geuza mpangilio, anza kwa kushusha, 2,500 inakuwa 2,000 alafu 2,400, unafika palepale. Punguzo la 50 juu yake 20 sio 70, ni 60, maana ile 20 imekuta nusu tu ya bei. Na tangazo likisema "punguzo hadi 70%", neno la kuangalia ni hadi. Hapo kuna soksi kwenye kona zimepunguzwa 70 na friji ulilofuata limepunguzwa 5.

Kwenye mshahara kuna imani moja imeshika mizizi mpaka nashangaa, kwamba ukiongezwa mshahara ukavuka milioni moja "unaingia kwenye asilimia 30" kwaiyo bora uombe usiongezwe. Nimesikia mtu mzima na tai yake anasema kamwambia bosi asimvushe. Haya, jedwali la PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa Tanzania Bara liko hivi, 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni 20, hadi milioni moja ni 25, na inayozidi milioni ni 30. Inayozidi! Kipande kwa kipande, kama ngazi, kila kipande kinakatwa chake. Mwenye milioni moja kamili ya kutozwa kodi analipa 128,000, ambayo kwa milioni nzima ni asilimia 12.8. Akiongezwa elfu kumi, ni hiyo elfu kumi peke yake inakatwa 30, elfu tatu inaenda TRA, mamlaka ya mapato, elfu saba inaingia mfukoni. Kwaiyo yule kaka wa tai alimkatalia bosi hela. Asilimia 30 ya nini? Angeuliza tu hivyo.

Sasa nifike kwenye mikopo, ambako ndo hasa nilitaka kufika.

Shemeji yangu mwaka jana alichukua milioni moja ya kuongezea mtaji wa saluni, kwenye kampuni moja ya mikopo ambayo ofisi yake iko juu ya duka la simu, siitaji. Aliporudi nyumbani alikuwa na furaha, "shemeji riba yao ni asilimia kumi tu." Kumi tu. Nikamuuliza mkononi wamekupa ngapi, akasema laki tisa na thelathini, maana kuna ya fomu asilimia 5 na bima asilimia 2 wanakata hukohuko kabla. Nikamuuliza unarudisha vipi, akatoa karatasi, marejesho miezi sita, kila mwezi 266,667. Piga mara sita. Ni milioni moja na laki sita. Kachukua laki tisa na thelathini, anarudisha milioni na laki sita, tofauti ni 670,000 kwa nusu mwaka.

Ile kumi ilikuwa ya mwezi, hilo la kwanza. Karatasi iliandika "10%" na pembeni kwa herufi za sisimizi "kwa mwezi", mara miezi sita ni 60. Hapo watu wengi wanaishia, wanasema basi riba ni asilimia 60. Lakini hapo ndo panaanza. Swali ni asilimia kumi ya nini. Kwa hawa jamaa ilikuwa kumi ya milioni ileile ya mwanzo, kila mwezi, mpaka mwezi wa sita, wakati shemeji alikuwa anarudisha mtaji wao kidogokidogo. Fuatana na mimi. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni, riba laki, ni asilimia 10 kweli. Mwezi wa pili umesharudisha sehemu, unadaiwa kama 833,000, riba bado laki, hiyo sasa ni asilimia 12 ya deni. Mwezi wa tatu unadaiwa 667,000, laki ni 15. Mwezi wa nne laki tano, laki ni 20. Wa tano 333,000, laki ni 30. Mwezi wa sita umebakiza 167,000 ya kwao mkononi mwako na bado unalipa laki moja ya riba, hiyo ni asilimia 60, kwa mwezi mmoja huo tu. Karatasi inaendelea kusema kumi.

Ukitaka kujua huu mkopo ungeitwaje kama riba ingekuwa inahesabiwa kwenye deni lililobaki, ni karibu asilimia 15 kwa mwezi. Na ukikumbuka kwamba milioni yenyewe hakuipata, alipata 930,000 na bado riba inapigwa kwenye milioni, inafika 18. Kutoka kumi "tu" mpaka kumi na nane, na hakuna aliyeandika uongo mahali popote. Kama ile kumi ingekuwa kweli ni kumi ya deni lililobaki, rejesho lingekuwa kama 229,600 kwa mwezi, jumla milioni 1.38. Laki mbili na ushee zimepita kwenye swali ambalo hakuuliza.

Nilipomwonyesha hiyo ngazi ya 10, 12, 15, 20, 30, 60 alikaa kimya alafu akasema kitu kilichoniumiza kidogo, "shemeji mi darasani asilimia nilikuwa napata zote." Na ni kweli alikuwa anapata. Darasani tulifundishwa asilimia kumi ya milioni moja ni ngapi, tunaandika laki moja, tiki nyekundu, swali linalofuata. Mwalimu ndo alikuwa anatupa ile milioni. Hatukuwahi kupewa swali ambalo milioni yenyewe ndo imefichwa na wewe uitafute.

Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo kwa hawa wakopeshaji wadogo wenye leseni, asilimia 3.5 kwa mwezi, chini ya mfumo uliokuja na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Milioni moja kwa miezi sita kwa 3.5 ya deni linalopungua inakuwa na riba ya kama laki moja na elfu 26 kwa ujumla. Shemeji alilipa laki sita, bila zile za fomu. Wengine wala hawana leseni, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyoruhusiwa, na mitaani tayari mikopo ya aina hii tulishaipa jina lake, kausha damu. Ila mi nina shida hata na ule ukomo wenyewe. Ukomo wa asilimia unabana namba moja, na mkopeshaji mjanja habishani na namba, anahamisha mzigo. Riba anaandika 3.5 safi, alafu inakuja ada ya fomu, ada ya usimamizi, bima ya mkopo, ada ya kutembelewa nyumbani, faini ya siku, na hakuna kati ya hizo inayoitwa riba.

Kenya walishaona mchezo wa majina. M-Shwari, huduma ya kukopa kwa simu, ilipoanza Novemba 2012 mkopo wa siku 30 ulikuwa na asilimia 7.5, na haikuitwa riba, iliitwa ada. Kwa mtu anayechukua shilingi elfu asubuhi anaenda soko la Gikomba anarudi jioni na elfu moja mia nne, kulipa 75 sio mbaya hata kidogo, mi mwenyewe ningechukua, na benki ya zamani isingemsikiliza mtu huyo hata akilia. Lakini 7.5 kwa siku 30, kwa mwaka ni 90, na kama kila mwezi unakopa kulipa deni pamoja na ada yake, inazaa yenyewe kwa yenyewe mpaka 138. Na kwa kuwa ni ada ya mara moja, ukirudisha siku ya kumi umelipa ileile ya siku thelathini, umetumia hela theluthi ya muda na bei ni nzima. Ukiilinganisha na benki inayosema asilimia 15 kwa mwaka, 7.5 inaonekana nusu yake. Ndo raha ya kutokutaja muda.

Maoni yangu kwa wanaotunga kanuni, kama wapo wanaosoma, ni kwamba waache kutuamini kwenye asilimia. Waweke sharti kila karatasi ya mkopo, juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko nembo ya kampuni, iandikwe sentensi mbili kwa shilingi. Utapokea mkononi shilingi 930,000. Utarudisha jumla shilingi 1,600,000 ifikapo tarehe fulani. Basi. Asilimia waiweke chini kwa wanaoitaka, iwe ya mwaka na iwe ya deni linalopungua ili watu waweze kulinganisha huyu na yule. Najua wataalamu watasema kiwango cha mwaka ndo kipimo sahihi cha kimataifa, sawa, mi sikatai, ila shemeji yangu angesoma hizo sentensi mbili pale kaunta angeshuka ngazi akarudi nyumbani, sina shaka, kwa sababu ni mtu anayegombana na konda kwa shilingi mia.

Kwa sasa hakuna sharti hilo kwenye karatasi nilizoziona mimi, kwaiyo linabaki la mdomo, unaliuliza mwenyewe. Nimejizoeza mpaka imekuwa kero kwa watu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa namsindikiza rafiki yangu kutafuta chumba Sinza, kodi laki tatu kwa mwezi, na dalali kama kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba anataka miezi sita. Nikapiga hesabu kichwani, laki tatu kwenye milioni moja na laki nane, asilimia 16.7. Nikamwambia rafiki yangu ukibembeleza ulipe miezi mitatu, mfukoni utapumua ila dalali atakuwa kachukua 33 ya kodi uliyolipa, na ukiweza kulipa mwaka anashuka mpaka 8 na kitu. Laki tatu haibadiliki, ila ukihama baada ya miezi mitatu umeitafuna yote kwa miezi mitatu. Rafiki yangu akaona pointi, akamgeukia dalali akamwambia kaka, hivi unajua kwa miezi sita unakula karibu asilimia 17?

Dalali alikuwa anafunga kofuli. Hata hakugeuka. "Mi asilimia sijui bro, mi nachukua mwezi mmoja."